Mshono wa Mwisho

Mpira uliletwa Ijumaa asubuhi ndani ya mfuko mtupu wa unga. Ulikuwa umenywea kama embe lililosahauliwa juani. Ni mpira wa ngozi wa rangi ya kahawia, wa vipande 18, wa aina iliyochezewa viwanjani kabla ya mipira myeupe yenye madoa meusi kuingia. Upande mmoja uzi ulikuwa umekatika kwa urefu wa kidole, na kipande kimoja kilikuwa kimepasuka katikati. Veterani wa mtaa walitaka kuuchezea Jumapili. Kila kiangazi hucheza mechi moja ya heshima, nyota wa zamani wa upande huu wa barabara dhidi ya nyota wa zamani wa upande ule, na safari hii walitaka mpira wa zama zao wenyewe.

Mtaa wenyewe ni Luano, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, upande wa uwanja wa ndege. Mwezi wa Juni udongo wake mwekundu hukauka ukawa unga, na asubuhi huwa na baridi inayowafanya watu wakumbatie vikombe vya chai kwa mikono miwili. Fundi anafanyia kazi chini ya mwembe, kwenye kibanda cha mabati chenye kuta tatu. Upande wa nne ameuacha wazi ili mwanga uingie. Kazi yake ya kila siku ni viatu: kubandika soli, kushona visigino, kurudisha uhai wa mikoba ya shule. Mipira ya ngozi haiji tena mara nyingi. Lakini wanaojua wanajua kwamba mkono wake ulijifunza kazi hiyo tangu ujana, na haujaisahau.

"Yambo, papa."

"Yambo, mwana. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, na kwa siku mbili sikuondoka pale ila kwa kula na kulala.

Vyombo vyake vinaenea kwenye kisanduku kimoja cha mbao. Kuna kisu cha kukatia ngozi, ambacho bapa lake limenolewa miaka mingi hata limebaki nusu ya upana wake. Kuna misharasi mitatu, mmoja mnyoofu, mmoja uliopinda kidogo na mmoja mwembamba kama mwiba, mipini yake imekuwa laini kwa jasho la kiganja. Kuna nyundo ya uso mpana, koleo dogo, mkasi, kipande cha jiwe la kunolea, donge la nta ya nyuki lenye michirizi mirefu ilipopita nyuzi, na mbao mbili zilizofungwa pamoja kwa chini kama mdomo wa bata. Hizo mbao huzibana kwa magoti, zikashika ngozi, ili mikono yote miwili ibaki huru.

Hakugusa chombo hata kimoja kwa karibu robo saa ya kwanza. Aliushika mpira tu. Aliuzungusha kiganjani, akaubonyeza kwa vidole gumba, akaunusa, akaukunja kipande kwa kipande huku akisikiliza. Ngozi iliyokufa, alinieleza, hulia kama jani kavu ukiikunja, na ngozi iliyo hai hukunjika bila sauti. Alipita mishono yote kwa ukucha. Palipokuwa na uzi mzima ukucha ulipita bila kukwama, na palipooza ulizama. Mwisho akachukua chaki akatia alama tatu: kipande cha kutoa, mshono wa kurudia, na mahali ambapo atafungulia.

Kufungua mpira ni kazi ya nusu ya uzi, si ya uzi wote. Fundi asiye na subira hukata mishono mingi apate nafasi, kisha hushinda siku nzima akirudisha alichokibomoa bure. Yeye alikata pale palipokuwa pameoza tayari, akiingiza ncha ya kisu chini ya uzi na kuunyanyua mbali na ngozi kabla ya kuukata. Alipopata mwanya wa kupitisha vidole vinne, akatoa kile kibofu cha zamani, kilichoshikana na kuwa kigumu kama gome, akaanza kuugeuza mpira ndani nje. Aliusukuma polepole kwa gumba, kona baada ya kona, mpaka ndani yote ikawa nje.

Hapo ndipo nilipouona mpira kwa mara ya kwanza. Kwa nje ni duara. Kwa ndani ni sanduku. Vipande 18 vimepangwa vitatu vitatu, na hivyo kufanya makundi sita, kama nyuso sita za dadu. Kila kundi limelazwa kinyume na jirani yake, vipande vya huku vikisimama, vya kule vikilala, ili ngozi isivutike upande mmoja. Nyuma ya kila kipande palikuwa na bitana ya pamba, imegeuka manjano, iliyowekwa kuizuia ngozi isilegee. Na kila mshono ulisimama kama ukuta mdogo, kingo mbili za ngozi zikiwa zimebanwa pamoja na uzi mweusi. Kazi yote ya yule aliyeushona mara ya kwanza, pengine miaka 50 iliyopita, ilikuwa humo gizani, nukta kwa nukta, na tangu siku ile mpira ulipofungwa hakuna jicho lililoiona.

Aliiosha ngozi kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, akaifuta, kisha akautundika mpira kivulini. Juani ngozi hukauka haraka kwa nje na kubaki na maji moyoni, ikaja kupasuka baadaye. Kwa hiyo tulingoja. Aliyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya ng'ombe kwenye mkebe juu ya makaa, na wakati mchanganyiko ukipoa akanieleza kwa nini anauheshimu mpira wa namna hii.

Alikuwa mtoto wakati mji huu ulipoacha kuitwa Élisabethville ukawa Lubumbashi, mwaka 1966. Timu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939 ilikuwa wakati huo ikiitwa TP Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi, na leo ulimwengu unaijua kama TP Mazembe. Miaka minne mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970, timu hiyo ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika. Mwaka 1967 ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 kisha 2-2, na ikapewa kombe baada ya Kotoko kutofika kwenye mechi ya tatu ya kuamua bingwa. Mwaka 1968 ikaishinda Étoile Filante ya Togo. Na Januari 21, 1968, mjini Addis Ababa, nyota wa Kongo waliokusanywa kutoka klabu mbalimbali, chini ya kocha Mhungaria Ferenc Csanádi, waliifunga Ghana 1-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mfungaji alikuwa Pierre Kalala wa Englebert.

Mzee aliisikia mechi ile redioni, amesimama nyuma ya watu wazima, haoni chochote ila migongo yao. Alisema kitu kimoja kuhusu siku ile, akiwa anakoroga nta. Watu wote walilitaja jina la Kalala. Yeye alijiuliza mpira wenyewe ulikuwa na hali gani. Mpira wa ngozi wa wakati ule ulikunywa maji. Mvua ikinyesha, ule uliokuwa mwepesi dakika ya kwanza ulikuwa jiwe dakika ya 80, na kama mshono ulikuwa umelegea, ulibadili sura ukaanza kuyumba hewani. Mshambuliaji aliupiga akiwa na imani kwamba utakwenda alikoutuma. Imani hiyo aliiweka mikononi mwa mtu asiyemjua.

Alasiri ngozi ilikuwa tayari. Aliipaka mafuta kwa kidole, kwa kuzungusha, mpaka rangi ya kahawia ikarudi kwa kina kama chai ya rangi. Kisha akatoa kipande kilichopasuka, akakilaza juu ya katoni, akakichora kwa penseli kupata kiolezo. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 17, upana karibu 6. Lakini hakukata. Alichukua ngozi mpya, akaivuta kwa mikono miwili upande mmoja, kisha upande mwingine, akatazama ilivyorudi. Ngozi ya ng'ombe haina nguvu sawa kila mahali. Ya mgongoni hushikamana, ya tumboni hulegea, na kila ngozi ina upande inaotaka kurefukia. Kipande kipya kisipofuata mwelekeo wa jirani zake, mpira utajazwa upepo asubuhi ukiwa duara, na jioni utakuwa yai. Alihamisha kiolezo mara nne kabla ya kuridhika. Alipokata, alikata mara moja, kisu kikitembea bila kusita.

Yakaja matundu. Kingo mbili zitakazokutana lazima ziwe na matundu sawa kwa idadi na kwa nafasi. Tundu moja likizidi, mshono utapinda, na mshono uliopinda huvuta vipande viwili, na vipande viwili huvuta mpira mzima. Alihesabu matundu ya zamani kwenye ukingo wa jirani kwa ncha ya msharasi wake mwembamba, ule ulio kama mwiba, midomo ikitembea bila sauti. Yalikuwa 28. Akapiga nukta 28 za penseli kwenye kipande kipya, akazihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo, ndipo akatoboa. Msharasi hauingii wima. Aliulaza kidogo, ukapita kwenye unene wa ngozi na kutokea karibu na ukingo, ili uzi usije ukagusana na nyasi kwa nje.

Giza liliingia tukiwa na kipande kimoja chenye matundu na hakuna hata shono moja. Nilimuuliza kama tutawahi Jumapili.

"Tutafika," alisema. "Uzi haipendake mbio, mwana."

Jumamosi alianza na uzi. Alipima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akaukata, akaupitisha kwenye donge la nta mara tano, kila mara kwa kasi ileile, mpaka uzi ukaanza kulia kwa sauti nyembamba ukipita. Nta hufanya kazi tatu: huzuia maji, hushikamanisha nyuzi ndogo ndani ya uzi, na huufanya ukwame kwenye tundu ili shono moja likikatika, majirani yake yasifuate. Alitia sindano kila ncha. Sindano mbili kwa uzi mmoja ndiyo siri ya mshono wa mpira na wa tandiko la farasi. Kila tundu hupitiwa mara mbili, sindano ya kulia ikienda kushoto, ya kushoto ikija kulia, na nyuzi mbili hupishana ndani ya ngozi kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

Aliketi, akazibana zile mbao magotini, akashikisha kingo mbili katikati. Mkono wa kulia ukaingiza sindano, wa kushoto ukaipokea, sindano ya pili ikafuata njia ileile kwa upande wa chini bila kuuchoma uzi wa kwanza. Kisha mikono yote miwili ikafunguka, kama ya mtu anayekaribisha wageni, na uzi ukakaza. Hakukaza kwa nguvu za mabega. Alikaza mpaka ngozi ikajikunja kidogo tu pembeni mwa tundu, akaacha. Ukizidisha, uzi hukata ngozi. Ukipunguza, mshono hupumua. Nilijaribu kutambua tofauti kati ya shono la tano na la ishirini nikashindwa. Kila moja lilikuwa na mlalo uleule na kina kilekile. Ndege ilipita juu yetu ikielekea kutua, mabati yakatetemeka, watoto wakakimbilia barabarani kuitazama. Mikono yake haikukosa zamu.

Nikakumbuka mchezo wa mbali. Wamarekani wana besiboli, na Julai 6, 1933, mjini Chicago, walikusanya kwa mara ya kwanza nyota wa ligi zao mbili kubwa wakacheza mechi moja mbele ya umma, na Babe Ruth akaupiga mpira ukavuka uzio. Mpira wa besiboli una vipande viwili tu vya ngozi, unashonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, na mashono yake ni jozi 108. Hayo yako nje, wazi, na mrushaji huyapapasa kwa vidole kabla ya kurusha kwa sababu ndiyo yanayoushika upepo na kuupinda mpira. Mshono wa kule ni sehemu ya mchezo, kila mtazamaji anaujua. Mshono wa mpira wa miguu kazi yake ni kutoweka. Mzee alinisikiliza nilipomweleza habari hiyo, akaniuliza swali moja tu: shono la kwanza na la mwisho huwekwa wapi? Nikamwambia yanafichwa ndani, chini ya ngozi. Akatikisa kichwa polepole, akaridhika. Mafundi wale alikuwa ameshawajua.

Saa sita mchana kipande kipya kilikuwa kimekaa mahali pake, na ule mshono wa kurudia umekwisha. Akachukua kibofu kipya cha raba, akabandika vali yake kwa gundi kwenye tundu la kipande chake, akangoja gundi ishike. Kisha akaugeuza mpira tena, kona baada ya kona, mpaka uso wa ngozi ukatoka nje na kazi yote ya siku mbili ikaingia gizani. Ulibaki mwanya mmoja, kama wa sentimita kumi.

Kazi yote ya kabla ya hapo hufanywa kwa macho. Mwanya huu hufungwa kwa vidole. Fundi hawezi tena kuona ndani, na mbao za magotini hazimsaidii. Alichukua sindano iliyopinda, akaipitisha kwenye tundu la ukingo mmoja kutoka ndani, akavuka kwenda ukingo wa pili, akarudi, akavuka tena, bila kukaza. Uzi ukakaa legelege kwenye mwanya kama ngazi ya kamba. Alipofika mwisho alipumzika. Alijifuta mikono, akanywa maji, akatazama barabarani kwa muda.

Ndipo akaushika ule msharasi uliopinda. Akaingiza ncha yake chini ya ngazi ya kwanza, akaivuta mpaka kingo zikakutana, akaishikilia kwa gumba. Akaenda ya pili. Kila akivuta moja, ile iliyotangulia hutaka kurudi nyuma, kwa hiyo gumba la kushoto lilibaki limekandamiza njia yote, likisogea unywele kwa unywele. Hakuzungumza, nami nikanyamaza. Kingo ziliingia ndani zenyewe, zikajikunja kama midomo ya mtu anayeficha siri, na ngazi za uzi zikazama moja baada ya nyingine. Mwisho alifunga fundo, akalisukuma kwa ncha ya msharasi mpaka likapotea, na uzi uliobaki akaupitisha chini ya mashono matatu kabla ya kuukata. Sentimita kumi zilimchukua muda uliotosha kubandika soli za jozi mbili za viatu.

Alipiga pampu polepole, akisimama kila mara kuubingirisha mpira chini ya ubao, ili vipande vizoee kukaa pamoja. Kisha akatoa kamba yenye mafundo mawili, akauzungushia mpira kiunoni. Sheria za leo zinataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na mafundo yake mawili yako hapo. Akapima kwa upande wa pili, na wa tatu. Kamba ilikutana katikati ya mafundo mara zote tatu. Akaudondosha kutoka urefu wa kifua kwenye sakafu ya udongo mgumu, akageuza uso pembeni asikilize. Ulitoa sauti moja nzito, fupi. Akaudondosha tena.

"Njo vile," alisema.

Jumapili uwanja ulijaa pande zote. Veterani waliingia na fulana zilizokuwa zikiwatosha zamani, wengine na magoti yaliyofungwa bandeji, na mashabiki wakawaita kwa majina ya utani ya miaka ile. Walicheza kwa utulivu wa watu ambao mbio zimewaacha lakini akili ya mchezo haijawaacha: pasi fupi, mwili uliogeuka mapema, mpira kutulizwa kwa kifua kama anavyopokelewa mtoto. Mpira wa kahawia ulikwenda walikoutuma. Ulipopigwa juu ulizunguka bila kuyumba.

Mzee alikaa kwenye kichuguu nyuma ya kona. Nilidhani anafuata mchezo, lakini macho yake yalikuwa chini muda mwingi. Alikuwa akisikiliza. Kila mguu ulipougusa mpira aliinamisha kichwa kidogo. Katika kipindi cha pili shuti kali liligonga mwamba, na yeye alinyanyua mkono kama mtu anayeomba kimya, akasubiri mguso uliofuata, kisha akaushusha.

Baada ya mechi walimletea mpira. Ulikuwa umejaa vumbi jekundu. Akaufuta kwa kitambaa, akaniwekea mapajani.

"Nilifungia wapi?"

Nilikuwa nimeketi karibu naye siku mbili. Niliona chaki, niliona sindano iliyopinda, niliona kila ngazi ya uzi ikizama. Niliuzungusha mpira, nikapita mishono yote kwa ukucha kama nilivyomwona akifanya. Ukucha ulipita bila kukwama popote. Nikarudia, safari hii kwa polepole, nikafumba na macho. Nikaonyesha mahali. Akatikisa kichwa. Nikaonyesha pengine.

Aliuchukua kutoka mikononi mwangu, akaugeuza mara moja, na bila kutazama akaweka gumba lake juu ya mshono.